Mgonjwa wa kifua kikuu akigundulika ukimbizini: maswali ya ndugu na majirani

Kwa nini wahudumu wa afya huwatafuta watu waliokuwa karibu na mgonjwa?

Kifua kikuu cha mapafu huenea kwa njia ya hewa, pale mgonjwa ambaye hajaanza matibabu anapokohoa au kuzungumza, na mwenzake akavuta hewa yenye vimelea. Wengi wanaoambukizwa hawaugui papo hapo. Vimelea hutulia mwilini bila dalili, na katika hali hiyo mtu hamwambukizi yeyote. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 hivi huja kuugua maishani mwao, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza. Kwa wakimbizi walioishiwa nguvu kwa njaa na safari hatari hiyo huongezeka, kwani utapiamlo hudhoofisha kinga ya mwili.

Ni nani hasa anayepaswa kuchunguzwa?

Ni kila aliyeishi na mgonjwa, pamoja na waliokaa naye kwa muda mrefu mahali palipofungwa katika miezi 3 kabla hajaanza dawa. Ukimbizini, kadi ya familia haitoshi kujibu swali hili. Waliosajiliwa pamoja huenda wanalala mbalimbali, ilhali watu wasio na undugu wowote wanagawana hema moja kwa sababu walifika siku moja. Kwa hiyo mhudumu makini haulizi tu jamaa za mgonjwa ni akina nani. Huuliza pia usiku alilala na nani, mchana alishinda wapi, na kabla ya kuhamia hapo alikuwa na nani.

Je, jina la mgonjwa hutajwa?

Halipaswi kutajwa pasipo ridhaa yake. Anayeitwa huelezwa tu kwamba huenda alikaa karibu na mtu mwenye kifua kikuu. Hapa mkalimani ana uzito mkubwa: kumtumia mtoto wa mgonjwa au jirani yake ni kosa, hata kama ndiye aliye karibu, kwa sababu mgonjwa atawaficha wale wale tunaohitaji kuwajua.

Kuugua kunaweza kumnyima mtu hadhi ya ukimbizi?

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hautaji ugonjwa miongoni mwa sababu za kumnyima mtu hadhi hiyo. Hofu ya kurudishwa alikotoka huwafanya wengi wafiche kikohozi, na inastahili kujibiwa waziwazi tangu mazungumzo ya kwanza.

Uchunguzi hufanywaje?

Huanza kwa kuulizwa kuhusu kikohozi, homa, kutoka jasho usiku na kupungua uzito, na inapowezekana hupigwa picha ya eksirei ya kifua, kwa kuwa wengine huugua bila dalili. Mwenye dalili, au ambaye picha yake inatia shaka, hupimwa makohozi. Kwa mtoto asiyeweza kuyatoa, choo chake kinaweza kupimwa.

Mimi siumwi. Kwa nini nipewe dawa?

Ni dawa za kuzuia maambukizi yaliyotulia yasigeuke ugonjwa, na hutolewa baada ya kuhakikisha kwamba huna kifua kikuu. Watoto walio chini ya miaka 5 na watu wanaoishi na VVU hutangulizwa, na hawalazimiki kusubiri kipimo cha ngozi wala cha damu. Isoniazidi humezwa kila siku kwa miezi 6. Ikiunganishwa na rifapentini, humezwa mara moja kwa wiki kwa miezi 3, jambo linalowafaa zaidi wasiojua watakuwa wapi kesho. Mwambie mhudumu dawa nyingine unazotumia, maana rifapentini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ikiwa mgonjwa ana kifua kikuu sugu, yaani kisichosikia dawa za kawaida, dawa za kinga huwa nyingine.

Nikihamishwa kabla ya kumaliza?

Omba karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya kuanza na dozi ulizokwisha kumeza, kisha uionyeshe kituoni mara tu ufikapo. Ukianza kukohoa baadaye, rudi ukapimwe hata kama uchunguzi wa kwanza haukuonyesha kitu.