Mwezi mmoja, kivuli kimoja, mbona picha hazifanani?

Kila mara mwezi ukipatwa naulizwa swali hilihili: mtu yuko Berlin kaona giza limeanza kuumega mwezi kushoto, mwenzake wa Cape Town anamtumia picha giza limeanzia kulia, na usiku ni uleule, sasa nani kakosea? Hakuna. Mwezi ukiwa juu, wa Berlin anautazama akielekea kusini na wa Cape Town akielekea kaskazini, yaani ni kama watu waliokaa pande mbili za sahani moja. Mwezi unaingia kwenye kivuli cha dunia ukisogea kuelekea mashariki, kwa hiyo ukingo wa mashariki ndio unatangulia kufifia, na mashariki ya mmoja iko kushoto, ya mwingine kulia. Aliye karibu na ikweta anapata kile ninachokipenda kuliko vyote: mwezi ukianza kupatwa unapochomoza, giza linapanda kutoka chini, ukianza kupatwa unapozama linashuka kutoka juu.

Ila tukio lenyewe ni moja tu. Kivuli cha dunia kinauangukia mwezi, sio sisi, ndio maana kila ambaye mwezi umeshamchomozea anakiona kwa wakati uleule. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi wote ulikaa kivulini dakika 82, Mumbai ilikuwa inakaribia saa sita usiku, Sydney ni alfajiri ya tarehe 8, na London mwezi ulichomoza ukiwa umeshapatwa tayari, mwekundu na hafifu kwenye anga ambayo bado ina mwanga, hapo hata mwenye darubini anahangaika kuupata. Amerika karibu yote haikuona kitu, kwao ilikuwa mchana.

Tofauti hiyo ya saa imeshapimia dunia jamani! Mei 997 mwanaastronomia Al-Biruni akiwa mji wa Kath, kule Khwarezm katika Asia ya Kati, alipatana na mwenzake Abu al-Wafa wa Baghdad waangalie mwezi uleule ukipatwa, kila mtu apime saa ya kwake, halafu walinganishe. Ikaja tofauti ya takriban saa moja, na saa moja ni nyuzi 15 za longitudo, yaani umbali wa mashariki na magharibi. Hakuna simu wala setilaiti, mwezi ndio ulikuwa saa yao ya pamoja.

Hata wewe unaweza, wewe na mwenzako wa mbali kila mtu aandike dakika ambayo kivuli kimegusa ukingo wa mwezi, ila tumieni saa ya jua, ile ambayo adhuhuri ni jua likiwa juu kabisa pale ulipo, maana saa ya simu inafuata mpaka wa nchi.