"Mbona Kwenye Katuni Anatulia?" Dhana Potofu Kuhusu ADHD

Mzazi anapoambiwa kwamba mtoto wake huenda ana ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoambatana na utukutu uliopita kiasi, jibu lake mara nyingi ni swali: "Mbona akiwekewa katuni anatulia saa mbili nzima?" Swali hilo lina mantiki, ila limejengwa juu ya dhana kwamba mtoto huyo hana umakini kabisa. Umakini anao; kinachomshinda ni kuuelekeza anapotakiwa na kuushikilia pale ambapo jambo halimsisimui. Katuni humvuta yenyewe, daftari la hesabu halimvuti. Ataandika tarehe, atapiga mstari, hesabu ya kwanza ataipata, kisha atainuka kutafuta kifutio, na nusu saa baadaye utamkuta uani, kifutio mkononi, akifuata msafara wa sisimizi.

Wapo wanaosema amedekezwa, au fimbo imepungua. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba urithi una mchango mkubwa kuliko malezi, kiasi cha asilimia 70 hivi na zaidi, na si ajabu baba anayefoka kuhusu kifutio akawa ndiye aliyekuwa akipoteza vya kwake. Utaratibu wa nyumbani humsaidia sana mtoto. Kipigo humwongezea woga tu.

Sukari nayo husingiziwa. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994, watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari, lakini akina mama walioambiwa kwamba wana wao wamepewa sukari nyingi waliwaona watukutu zaidi kuliko akina mama walioambiwa kwamba hakuna sukari walivyowaona wa kwao.

Dhana inayoumiza kimyakimya ni ile ya kudhani kwamba ADHD lazima iwe ya kurukaruka. Msichana anayekaa nyuma akitazama dirishani hamsumbui mwalimu, hivyo mzazi wake haitwi shuleni. Ripoti huandikwa "anaweza ila hajitumi", na wengine hugundulika wakiwa watu wazima.

Hata hivyo, si kila mtundu ana ADHD. Hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha: dalili lazima ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi sita na zionekane katika mazingira zaidi ya moja. Daktari makini huulizia pia usingizi na masikio, na hata kifafa kisicho cha kuanguka, kwa kuwa mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache kila mara huonekana darasani kama asiyesikiliza.