"Ni Nakala Tu, Kaka": Tunavyokosea Kuhusu Nyundo na Pini za Rivolva

Tulikuwa tunajiandaa kupiga filamu fupi Kigamboni. Kazi yangu ni vifaa, kuanzia sufuria hadi mapanga ya mpira. Kijana mmoja wa kikosi chetu akaja na rivolva ya kimakauboi imefungwa kwenye kanga, nyundo yake, kile kipande cha nyuma kinachovutwa kwa dole gumba, inacheza. "Kaka, tuipeleke kwa mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani. Fundi ataipiga tupa kidogo tu, halafu pini tunabadilisha. Ni nakala tu."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na karibu kila neno lina kasoro.

Tuanze na "nakala". Wengi wetu tukisikia nakala tunawaza toi la plastiki la Kariakoo. Yapo hayo, na zipo pia za kutoa mlio tu. Lakini nakala za bastola za Marekani ya karne ya 19 zinazotengenezwa Italia na viwanda kama Uberti, kilichoanza mwaka 1959, na Pietta, ni chuma kitupu na zinatoa risasi. Zimeitwa nakala kwa sababu zimefuata umbo la Colt ya zamani. Bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye maandalizi ya filamu ya Rust kule New Mexico, ilikuwa nakala ya Pietta. Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu, alikufa kwa risasi iliyotoka humo.

Halafu "pini tunabadilisha". Pini ni ile ncha inayogonga kitako cha risasi. Sasa, pini ipi? Colt ya 1851 na nakala zake hazina pini kabisa. Nyundo inapiga fataki, kikofia kidogo cha kulipukia kilichovalishwa nyuma ya silinda, cheche inaingia kwenye baruti. Babu zetu waliowinda kwa gobole la fataki wangeuelewa mtambo huo bila kuelezwa. (Siku hizi ukisema fataki mjini, watu wanamfikiria mzee anayehonga mabinti. Nazungumzia fataki ile ya asili.) Colt ya 1873 ndiyo ina pini, nayo imekaa kwenye pua ya nyundo yenyewe. Rivolva nyingi za kisasa pini yake imefichwa ndani ya fremu, na nyundo ni bapa. Kwa hiyo nyundo ya moja haiingii kwa nyingine kama plagi za bodaboda. Kwenye ile ya 1851 kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: kishimo cha kulengea cha nyuma kimechongwa juu ya nyundo, hukioni mpaka uivute. Ukibadilisha nyundo, umebadilisha na shabaha.

Tupa ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Watu hudhani nyundo ni kipande cha chuma cha kugongea, basi. Chini yake, pale usipopaona, kuna vidato ambavyo ncha ya kifyatulio hushika nyundo ikiwa imevutwa. Mara nyingi ugumu wa vidato hivyo uko kwenye ganda la juu tu, ndani chuma ni laini. Tupa ikiliondoa ganda hilo, kidato kinalika haraka, na nyundo inaweza kuponyoka bila mtu kugusa kitu. Kesi ya Rust ilizunguka hapohapo. Aprili 2023 waendesha mashtaka walimfutia Baldwin shtaka kwa sababu kulikuwa na madai kwamba bastola huenda ilichezewa. Baadaye mtaalamu akasema kifyatulio lazima kilivutwa, shtaka likarudi, na Julai 2024 jaji akalitupa, safari hii kwa sababu ya ushahidi ambao upande wa utetezi haukupewa. Kwenye majaribio ya FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, sehemu za ndani za bastola hiyo zilivunjika kwa kugongwa, na mawakili wakazibishania sana.

Kuna wanaosema pia kwamba ikiwa tupu, kuifyatua-fyatua hakuna ubaya. Kwa ile ya fataki, nyundo inaweza kuponda kile kichuchu cha kuvalishia fataki.

Rivolva ya kijana ilikuwa ya mjomba wake. Mjomba ana leseni, lakini leseni ni yake, haihamii kwa mpwa kwa vile wamelala nyumba moja. Na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya 2015 haimtambui fundi wa Gerezani kwa sababu tu ana tupa nzuri. Nilimpigia mjomba simu, akaja kuichukua mwenyewe, kimya, bila hata kumtazama mpwa wake usoni.

Tulipiga filamu kwa bastola ya mbao niliyochongewa na mchonga vinyago wa Mwenge, ikapakwa rangi ya grafaiti. Nyundo yake haisogei. Mwigizaji aliifunika kwa dole gumba, na mlio wa kuivuta tuliuweka studio, kwa kufungua kufuli kuukuu la mlango wa stoo.