“Kwa Mkono Nina Uhakika”: Dhana Potofu Kuhusu Kuotomatisha Kazi za Usanifu

Ni mara ya tatu mwezi huu naisikia, na safari hii imetoka kwa msanifu hodari, mwenye jicho la herufi ambalo wengi wetu tungelitamani: “Vyeti 340 si vingi. Nitavijaza kwa mkono, maana kwa mkono nina uhakika.” Akakaa siku mbili akikopi jina kwenye jedwali, akipesti kwenye kiolezo, akihifadhi PDF, kisha kurudi kwenye jedwali. Vikachapwa. Siku ya kugawa, mtu mmoja akapokea cheti chenye jina lake na namba ya usajili ya mwenzake wa mstari wa chini. Kikajitokeza cha pili. Ikabidi vyote 340 visomwe upya kimoja kimoja, wenyewe wakisubiri.

Katika dhana zote kuhusu kuiachia kompyuta kazi za kurudiarudia, hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu wanaoishikilia ni watu makini. Basi tuangalie makosa yenyewe yanavyotokea. Mkono hukosea bila mpangilio. Cheti cha 87 kimekosewa kwa sababu simu iliita, cha 212 kwa sababu jicho liliruka mstari. Hakuna kinachokuonyesha kosa liko wapi, kwa hiyo njia pekee ya kulipata ni kusoma vyote, na macho yanayosoma ni yale yale yaliyochoka kwa kujaza. Data Merge, zana ya InDesign (programu ya kupanga kurasa) inayojaza kiolezo yenyewe kutoka kwenye jedwali, ikikosea, hukosea kwa kanuni. Kama sifuri ya mwanzo imepotea, imepotea kwenye kila namba inayoanza na sifuri. Kama safu ya tarehe imeingia pabaya, imeingia pabaya kwenye vyeti vyote. Ukikagua vyeti vitano ulivyovichagua kwa akili, karibu kila kosa la mpangilio litakuwa limejitokeza mbele yako. Unarekebisha mara moja, unatoa vyote upya.

Nasema “ulivyovichagua kwa akili” kwa makusudi. Usichukue vitano vya mwanzo. Chukua jina refu kuliko yote, jina fupi kuliko yote, jina lenye ng' (apostrofi huanguka vibaya kwenye baadhi ya fonti), namba inayoanza na sifuri, na mstari wa mwisho kabisa wa jedwali. Jina refu ndilo msumbufu mkubwa, kwa kuwa maandishi yakizidi fremu hufichwa, na cheti kinachapwa kikiwa na nusu ya jina. Unapotoa hati, InDesign inaweza kukupa taarifa ya maandishi yote yaliyofurika. Weka tiki kwenye kisanduku cha taarifa hiyo kila mara.

Sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa Data Merge ni za jedwali. Excel ikiona 0045 hudhani ni hesabu, inaifanya 45 kabla InDesign haijaigusa. Dawa ni kuipa safu hiyo muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote ndani yake. Ukiubadilisha baadaye, sifuri iliyokwishaondoka hairudi. Safu ya picha lazima kichwa chake kianze na alama ya @, lakini Excel huiona alama hiyo kama mwanzo wa fomula na kuikataa, hivyo tanguliza apostrofi mbele yake. Na kama data yako ina koma ndani, mathalani cheo baada ya jina, hifadhi faili kwa kutenganisha safu kwa tabo badala ya CSV, ambayo huzitenganisha kwa koma. Kusafisha jedwali kwa namna hii hunichukua kama dakika kumi kwa kazi mpya, na sikubali kuanza kazi ya mteja yeyote kabla ya dakika hizo.

Wapo watakaosema jina kubwa la mapambo linahitaji jicho la binadamu kurekebisha nafasi kati ya herufi. Ni kweli kabisa. Toa hati nzima iliyojazwa, pitia kurasa, rekebisha hayo machache. Sasa una muda wa kuyafanya vizuri.

“Actions za Photoshop huharibu picha zenye vipimo tofauti.” Actions ni hatua unazorekodi mara moja, kisha Photoshop huzirudia yenyewe kwenye picha nyingine. Anayelalamika hivi alirekodi rula zikiwa kwenye pikseli. Nembo aliyoipeleka pikseli 3,000 kulia inakaa sawa kwenye picha pana na kutoweka nje ya picha nyembamba. Kabla ya kurekodi, badilisha vipimo vya rula viwe asilimia. Nafasi itahesabiwa kwa kufuata ukubwa wa kila picha. Jambo la pili: wakati wa kurekodi hatua ya kuhifadhi, usiandike jina la faili. Ukiliandika, Photoshop italitumia jina hilo hilo kila mara, picha 600 zitaandikiana juu na itabaki moja. Ukiendesha kwa Batch, yaani amri ya kupitisha Action kwenye folda nzima ya picha, kuna kisanduku cha kupuuza amri za kuhifadhi zilizomo kwenye Action na kufuata folda na majina uliyoyapanga hapo. Kitumie.

“Ni teknolojia mpya, tungoje itulie.” Actions zimo ndani ya Photoshop tangu toleo la 4.0, mwaka 1996.

“Lazima ujue kuprogramu.” Katika yote niliyoyaeleza hapo juu hakuna mstari hata mmoja wa msimbo. Skripti zina nafasi yake, ila anayezianza kabla hajazoea mitindo ya aya (mwonekano wa maandishi uliohifadhiwa utumike popote) na kurasa kuu (violezo vya kurasa) anajenga ghorofa bila msingi. Nimekuta hati ya kurasa 96 ambayo kila kichwa cha habari kimepewa ukubwa na rangi kimoja kimoja. Hapo sihitaji skripti, nahitaji mtindo mmoja wa aya.

“Inaua ubunifu.” Kuhifadhi bango moja kwa vipimo 14 hakujawahi kuwa ubunifu. Uamuzi wa bango likaeje ni wako, na ufanye huo kwanza: kuotomatisha muundo ambao mteja hajaukubali ni kuzalisha marekebisho kwa wingi.

Ipo pia dhana ya upande wa pili, ya walioonja wakanogewa: “Ikishajiendesha, haina haja ya kukaguliwa.” Ndiyo inayoleta hasara kubwa kwa muda mfupi. Amri ya mogrify katika ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za kuandika, usipoielekeza kwingine, huandika juu ya picha asili. Nimeshuhudia picha za kazi nzima zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 800 kwa sekunde chache, zikiwa ndizo nakala pekee, na hakuna namna ya kuzirudisha. Mimi huanza kila kazi kwa folda mbili, ASILI na TOLEO. Nakili kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na amri zote zielekeze TOLEO. Ndani ya ASILI sirekodi, siendeshi Batch, wala sibadilishi jina la faili hata moja.