Kichocheo cha Hadithi ya Fantasia: Maana Yake na Namna Kinavyozaa Riwaya

Kichocheo cha hadithi ni maelezo mafupi, aghalabu ya sentensi moja hadi tatu, yanayomweka mhusika katika hali fulani na kuacha swali ambalo haliwezi kujibiwa ila kwa kusimulia. Katika fantasia, hali hiyo huwa na jambo lisilowezekana katika ulimwengu tunaouishi: uchawi unaofuata kanuni zake, kiumbe asiyekuwapo, mji uliojengwa mahali pasipofikika, wafu wanaorudi kudai haki zao. Waandishi chipukizi hukusanya vichocheo kwa wingi, na wengi wao hubaki navyo daftarini bila kuvuka ukurasa wa pili. Kwa maoni yangu sababu si uvivu wala ukosefu wa kipaji, bali ni kwamba sehemu kubwa ya yanayokusanywa ni maajabu tu, ambayo hayajawa vichocheo.

Mtu akisema kwamba kuna nchi ambamo mito hutiririka kupanda milima, ametaja mandhari, na huenda ni mandhari ya kupendeza sana. Hata hivyo, hakuna anayetaka kitu katika sentensi hiyo, hakuna anayezuiwa, na hakuna kitakachopotea mambo yakienda mrama. Mwandishi ataeleza rangi ya maji, mashua zinazopandishwa na mkondo na vijiji vilivyoko kileleni, kisha atakwama, kwa kuwa amekwisha kusema yote aliyokuwa nayo. Kinachokosekana ni mtu aliyebanwa na ajabu hiyo, ambaye hawezi kuiacha ilivyo wala kuibadilisha bila kulipa gharama.

Fasihi ya Kiswahili inao mfano mzuri wa jambo hili. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, yumo mtu anayesifika kwa uadilifu ambaye kila usiku huwachapa viboko manyani wawili. Ajabu yenyewe ni ndogo, maana hakuna majeshi wala falme zinazoanguka. Kuna kiboko, manyani na usiku. Nguvu yake yote inatoka katika mgongano wa sifa ya mtu na kitendo chake, pamoja na siri inayolinda kitendo hicho. Msomaji hana budi kuuliza kwa nini mwema atende ukatili, na anapopata jibu kwamba manyani hao ni ndugu zake wa kuzaliwa, hadithi haifungwi bali inafunguka upya, kwa sababu sasa anataka kujua ndugu hao walitenda nini, nani aliyewageuza, na kwa nini kazi ya kuwaadhibu ameachiwa huyu anayewahurumia. Vivyo hivyo katika Kusadikika, cha mwaka 1951, nchi inayoelea angani ni mandhari tu. Kinachoisukuma hadithi ni Karama aliyeshtakiwa kwa kuanzisha elimu ya sheria katika nchi ambayo wakubwa wake hawataki raia waijue. Nchi ya angani bila mshtakiwa ingekuwa picha ya ukutani.

Kichocheo hakipaswi kuchanganywa na msuko, ambao wengi huuita ploti. Mwandishi wa Uingereza, E. M. Forster, katika mihadhara yake kuhusu riwaya iliyochapishwa mwaka 1927, alieleza kwamba kusema mfalme alikufa kisha malkia akafa ni kutaja matukio kwa mfuatano, ilhali kusema mfalme alikufa kisha malkia akafa kwa majonzi ni kusuka, kwa kuwa tukio la pili limepewa sababu katika la kwanza. Kichocheo huja kabla ya yote mawili. Kinatoa msukumo tu, na kumwachia mwandishi kazi ya kutafuta sababu na matokeo. Ndiyo maana waandishi kumi wanaweza kupewa kichocheo kimoja wakarudi na misuko kumi isiyofanana. Dhamira nayo ni jambo jingine. Kusema kwamba uchu wa madaraka humharibu mtu ni dhamira, na anayeanzia hapo kwa kawaida huishia kuhubiri.

Wapo pia wanaodhani kwamba orodha za miundo ya hadithi zinaweza kufanya kazi ya kichocheo. Mtaalamu wa Urusi, Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano uliochapishwa mwaka 1928, alibainisha majukumu 31 ya wahusika yanayojirudia kwa utaratibu uleule: mtu huondoka nyumbani, hupewa katazo, hulivunja, hukutana na mpinzani, na kuendelea hadi mwisho. Ni kazi kubwa kwa anayechambua ngano zilizokwisha kusimuliwa, lakini mtunzi akiichukua kama maelekezo atapata mifupa isiyo na nyama, kwa sababu muundo unaeleza kwamba katazo litavunjwa bila kueleza ni katazo gani wala kwa nini huyu, na si mwingine, ashindwe kulitii.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kuichukua ajabu moja na kuifanyia kazi. Katika mji fulani, vivuli vya watu husema. Ilivyo sasa, ajabu hii haina pa kwenda. Swali linalofaa kuulizwa kwanza ni jamii imeifanyia nini, maana watu hawakai na jambo kubwa namna hiyo bila kulitungia sheria, kulifanyia biashara au kulipiga marufuku. Tuseme inaaminika kwamba kivuli hakiwezi kudanganya, na kwa hiyo mahakama zimeacha kuwahoji watu. Mshtakiwa husimamishwa mbele ya ukuta mweupe, taa huwashwa nyuma yake, na kivuli chake huulizwa maswali. Kisha atafutwe mtu ambaye utaratibu huo unamgusa panapouma. Jaji angefaa, ila yuko juu mno; mshtakiwa angefaa pia, lakini ndiye ambaye kila mtunzi angemfikiria kwanza. Mimi ningemchagua karani, mtu ambaye kwa miaka mingi amenukuu kila neno lililotoka kwenye ukuta ule na hajawahi kulitilia shaka. Baada ya hapo utaratibu uvunjike mahali padogo: usiku mmoja, mezani, kivuli cha karani kinamwambia mkewe jambo ambalo karani anajua kwa hakika kuwa si kweli.

Hapo kichocheo kimekamilika, na kinaweza kuandikwa hivi: karani wa mahakama, katika mji unaohukumu watu kwa ushahidi wa vivuli, anagundua kwamba kivuli chake kimejifunza kusema uongo. Akitoa taarifa, kila hukumu aliyoiandika itatiliwa shaka, zikiwamo za watu waliokwisha kunyongwa. Akinyamaza, kesho asubuhi ataandika kwa mkono wake ushahidi asiouamini. Mkewe naye amesikia, na amemwamini nani kati ya wawili hao? Na kivuli chenyewe kinataka nini, kwani asiyetaka kitu hana haja ya kudanganya? Maswali haya hayakuongezwa kwa nguvu. Yamezaliwa na sentensi moja. Wala sijaeleza vivuli vilipataje sauti, na pengine riwaya nzima inaweza kwisha bila hilo kuelezwa. Waandishi wanaoanza hupoteza muda mwingi kwenye asili ya ajabu, wakati msomaji anataka kuona matokeo yake.

Jambo la gharama linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa katika fantasia ndipo vichocheo vingi hufa. Uchawi usio na mipaka hauachi tatizo lolote likisimama. Tabibu anayeponya ugonjwa wowote hana hadithi. Ana wagonjwa tu. Lakini tabibu anayeponya ugonjwa wowote kwa sharti kwamba anayepona atamsahau mtu mmoja anayempenda, bila yeyote kujua mapema atakuwa nani, amekwisha kuleta uamuzi mgumu kwa mgonjwa, hofu kwa jamaa waliomsindikiza, na mzigo wa dhamiri kwa yeye mwenyewe. Mwandishi wa Marekani, Brandon Sanderson, aliliweka jambo linalokaribiana na hili katika kanuni aliyoiandika mwaka 2007: uwezo wa mwandishi kutatua mgogoro kwa uchawi unalingana na kiasi ambacho msomaji anauelewa uchawi huo. Kanuni hiyo inahusu utatuzi, yaani mwisho wa hadithi, ila mzizi wake uko kwenye kichocheo, kwani sharti likitajwa mapema msomaji hataona kwamba amechezewa.

Kuhusu vichocheo vilivyochakaa, kama mtoto aliyetabiriwa kuikomboa nchi, upanga uliopotea au mfalme wa giza anayeamka baada ya miaka elfu, sioni haja ya kuvikataza. Vimechoka kwa sababu vimetazamwa mno kutoka upande mmoja, na mara nyingi inatosha kumbadilisha anayetazama. Mtabiri aliyebuni utabiri ili apate mlo wa siku moja sasa amesimama barabarani akitazama jeshi likiondoka kwenda kuutimiza. Mtoza kodi ametumwa kumdai joka wa mwisho kodi ya dhahabu aliyoilalia kwa miaka mia tatu, na joka anatoa stakabadhi. Kichocheo hiki cha pili kina mzaha ndani yake, jambo ambalo waandishi wa fantasia husahau kwamba wanaruhusiwa. Kingine, kizito zaidi, kinaweza kuwa cha mchora ramani ambaye, siku moja baada ya kukabidhi ramani isiyo na kijiji alichozaliwa, anagundua kwamba kila asichokichora kwenye ramani hutoweka duniani. Katika vyote hivyo, ajabu imeshikamana na kazi ya mtu, na nadhani hiyo ni njia ya haraka kuliko zote ya kupata kichocheo chenye uhai, kwa sababu kazi humpa mhusika ujuzi, wajibu, mkubwa wa kumwogopa na sababu ya kuwapo mahali jambo linapotokea.

Si kila kichocheo kizuri kinatosha kwa riwaya. Kwa Tuzo za Nebula, ambazo hutolewa na chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia chenye makao Marekani, kazi huhesabiwa kuwa riwaya inapofika maneno 40,000, na hadithi fupi ni ile iliyo chini ya maneno 7,500. Tofauti hiyo si ya urefu pekee. Hadithi fupi huweza kuishi kwa swali moja na jibu moja, lakini riwaya huhitaji swali ambalo kila jibu lake huzaa swali jingine lililo gumu zaidi. Mtoza kodi na joka, kwa mfano, ningewaacha katika kurasa ishirini, kwa kuwa stakabadhi ikikubaliwa au ikikataliwa mambo yamekwisha, isipokuwa kama mwandishi ataonyesha ni nani aliyeisaini na kodi hiyo ilikwenda wapi. Karani wa vivuli ana nafasi ya kutosha, maana kosa lake linagusa mahakama, ndoa, waliokufa na mji mzima kwa wakati mmoja. Namna nyepesi ya kupima ni kuandika mambo matatu ambayo mhusika angeweza kuyafanya kesho yake asubuhi. Ikiwa mawili kati yake yanamaliza tatizo, kichocheo hicho ni cha hadithi fupi.

Hofu ya mwisho wanayokuwa nayo wengi ni kuibiwa wazo, au kuonekana wameiba kwa kuwa walianza na kichocheo cha mtu mwingine. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu haki za ubunifu katika biashara na ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani, unaeleza katika kifungu chake cha 9 kwamba ulinzi wa hakimiliki unahusu namna jambo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Kichocheo cha sentensi moja, kwa kawaida, kiko karibu sana na wazo kuliko na maelezo yaliyokamilika, na ndiyo sababu vitabu vingi hushirikiana chanzo bila kushtakiana. Kwa hiyo anayetaka kumwandika yule karani na amwandike. Asichoruhusiwa ni kunakili mazungumzo, maelezo na mpangilio wa kina wa matukio ya mwingine aliyekwisha kumwandika.