Akina Hideki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Taja jina Hideki mbele ya watu watatu uone. Aliyesoma historia atakuletea Jenerali Tojo, waziri mkuu wa Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mpenzi wa gofu atasema Matsuyama, na mwenye jamaa Marekani anayeshabikia Yankees, timu ya besiboli ya New York, atakwambia huyo ni Matsui. Baada ya hapo zinaanza hadithi: kwamba wote wana jina moja, kwamba ni jina la kivita, kwamba Wajapani walilitupa baada ya kushindwa vitani 1945. Nadhani tunawasoma Wajapani kwa mazoea yetu ya somo na wajina, ambapo majina yakifanana tu, undugu umeshaanza.

"Hideki ni jina moja, maana yake moja"

Kwa sikio, sawa. Kwa maandishi, la. Jina la Kijapani lina matamshi yake, halafu lina herufi za kanji ambazo wazazi wameyachagulia matamshi hayo. Tojo aliandikwa 英機. Mwanafizikia Yukawa ni 秀樹. Matsui wa besiboli ni 秀喜. Mbele ya macho ya Mjapani hayo ni majina matatu. Herufi za mwanzo, 英 na 秀, zote husomwa "hide" na zote husifia ubora wa mtu, ila nusu ya pili ndiyo inayowatawanya: 樹 ni mti, 喜 ni furaha, 機 ni mtambo au fursa. Kwa hiyo ukiona mtandaoni "maana ya jina Hideki" bila kanji pembeni, mwandishi amekuchagulia Hideki mmoja akawaacha wengine.

Wapo wanaofanana mpaka kwenye kalamu. Mkemia Hideki Shirakawa na mcheza gofu Hideki Matsuyama wote huandikwa 英樹, na hao ndio wangeweza kuitana somo kwa haki. Halafu kuna kichekesho: herufi 英 ndiyo hiyo hiyo Wajapani wanayoandikia jina la Uingereza, maana yake jenerali aliyeingia vitani na Waingereza mwaka 1941 alikuwa anatembea nayo katika jina lake.

Wala utata huu hauwasumbui wageni peke yao. Daftari la familia linaloitwa koseki, ambalo ndilo msingi wa kumbukumbu za kila Mjapani, halikulazimika kuonyesha jina linatamkwaje mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika Mei 2025. Miaka yote hiyo kilichohesabika kisheria ni maandishi.

"Tojo ndilo jina lake, Hideki ni la ukoo"

Hapana, ni kinyume chake. Wajapani hutanguliza ukoo, husema Tojo Hideki. Vitabu vya Kizungu ndivyo vilivyogeuza. Tangu tarehe 1 Januari 2020 serikali ya Japani inaandika ukoo kwanza hata kwenye nyaraka zake za Kiingereza. Hapa nimebaki na mpangilio uliozoeleka ili msomaji asipotee.

"Tojo alikuwa Hitler wa Japani, akatawala mpaka nchi ikasalimu amri"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ina mizizi mirefu, kwa sababu propaganda ya vita ilihitaji sura moja ya kuchora. Tojo alikuwa waziri mkuu kuanzia Oktoba 1941, miezi miwili kabla Japani haijaishambulia Marekani huko Pearl Harbor, na wakati huo huo akashika wizara ya jeshi la nchi kavu. Mwanzoni mwa 1944 akajiongezea na ukuu wa majeshi hayo. Madaraka yalikuwa mengi, lakini hayakuwa yake peke yake. Juu yake alikuwapo Mfalme Hirohito, jeshi la wanamaji lilikuwa na wakuu wake, na wazee wa siasa waliowahi kuwa mawaziri wakuu walikuwa na uwezo wa kumbana. Walimbana kweli. Kisiwa cha Saipan kilipoanguka Julai 1944, alijiuzulu. Hitler hakuna aliyemwomba barua ya kujiuzulu.

Japani ilipotangaza kusalimu amri Agosti 1945, Tojo alikuwa nje ya serikali mwaka mzima ushapita. Askari wa Marekani walipofika nyumbani kwake Tokyo kumkamata, tarehe 11 Septemba, alijipiga risasi kifuani, ikakosa moyo. Madaktari wa Marekani wakamtibu akapona, akafikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya Tokyo iliyokuwa na majaji kutoka nchi 11, akahukumiwa kifo. Alinyongwa pamoja na wengine sita tarehe 23 Desemba 1948. Kusema hakuwa Hitler si kumtakasa. Mamilioni ya watu walikufa Asia katika vita aliyoiongoza kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, na hukumu yake ilihesabu pia namna wafungwa wa vita walivyotendewa.

"Baada ya vita hakuna aliyemwita mwanawe Hideki"

Watu hulinganisha na jina Adolf kule Ujerumani, na ulinganisho unaonekana una mantiki mpaka uangalie miaka ya kuzaliwa. Matsui alizaliwa 1974. Matsuyama 1992. Mbunifu wa michezo ya kompyuta Hideki Kamiya alizaliwa 1970. Mwimbaji Hideki Saijo, aliyeifanya Japani nzima iinue mikono kuchora herufi za Y.M.C.A. mwaka 1979, alizaliwa Hiroshima mwaka 1955. Huyu wa mwisho ni mfano mzuri zaidi ya wote, kwa sababu hakuzaliwa Hideki. Jina lake la kwao lilikuwa Tatsuo Kimoto. Hideki ni jina la jukwaani, na hakuna mfanyabiashara wa muziki anayembandika kijana mrembo jina lenye harufu ya mnyongwaji.

Sababu naona ziko mbili. Kwanza, lawama iliuangukia ukoo: wanajeshi wa Marekani waliwatukana maadui zao kwa "Tojo", hawakuwatukana kwa "Hideki". Pili, ni yale ya kanji. Nusu ya kwanza ya jina la Tojo ilikuwa mali ya familia: baba yake, aliyekuwa jenerali pia, aliitwa Hidenori, na mwanawe mkubwa akaitwa Hidetaka, wote kwa herufi ile ile 英. Mzazi aliyemwandika mwanawe 秀樹 hakuwa na habari na ukoo huo. Tena mwaka 1949, hata mwaka haujatimia tangu Tojo anyongwe, Hideki mwingine aliwapa Wajapani sababu ya kulipenda jina.

"Yukawa aliigundua mesoni maabara"

Hideki Yukawa hakugundua chochote maabara. Alikaa na karatasi. Swali lilikuwa hili: kiini cha atomu kimejaa protoni, na protoni husukumana kwa kuwa zote zina chaji chanya, nini basi kinazishika zisitawanyike? Katika makala aliyochapisha 1935, akiwa bado hajafika miaka 30, alisema lazima kuna chembe inayopita kati yao kama kiunganishi, nzito kama mara 200 ya elektroni; ndiyo iliyokuja kuitwa mesoni. Muda si mrefu wanafizikia wa Marekani wakaona kwenye miale ya kutoka angani chembe yenye uzito unaokaribia huo, watu wakapiga vigelegele. Haikuwa yenyewe. Ilikuwa muoni, chembe isiyojali kabisa nguvu ya kiini cha atomu. Ya Yukawa ilionekana 1947, kwenye filamu maalumu za picha zilizopelekwa juu milimani. Miaka miwili baadaye akapewa Nobel ya fizikia, Mjapani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya aina yoyote, nchi yake ikiwa bado chini ya majeshi ya kigeni. Mwaka 1955 alitia saini tamko la Russell na Einstein dhidi ya silaha za nyuklia.

Na Yukawa si ukoo aliozaliwa nao. Alizaliwa Ogawa, mwana wa profesa wa jiolojia. Alipooa mwaka 1932 aliingia katika ukoo wa mkewe na kuchukua jina lao, utaratibu wa siku nyingi Japani pale familia ya mke inapotaka mrithi wa kiume. Kaka yake, mwanahistoria Shigeki Kaizuka, alifanya vivyo hivyo. Ndugu hao wa kiume walikuwa watano, na kila mmoja wazazi walimmalizia jina kwa herufi ya mti: Yoshiki, Shigeki, Hideki, Tamaki, Masuki. Ukiwasikia bila ukoo hujui kama ni ndugu. Ukiwaona kwa maandishi, unajua.

Shirakawa naye husemwa alipata Nobel kwa bahati. Bahati ilikuwapo: mwaka 1967, mtafiti mgeni katika maabara yao Tokyo alizidisha kichocheo takribani mara elfu, na badala ya plastiki ya unga ikatokea ngozi nyembamba ya plastiki inayong'aa kama fedha. Lakini ngozi hiyo ilikuwa haipitishi umeme wa maana. Ilichukua karibu miaka kumi na safari ya Marekani, kwa Alan MacDiarmid na Alan Heeger, ndipo walipoiongezea iodini na upitishaji umeme ukapanda mara milioni kumi. Tuzo ya kemia ya mwaka 2000 waligawana watatu.

"Matsui na Matsuyama ni ndugu, na wote ni mabingwa wa kwanza wa Japani"

Si ndugu. Matsui ni wa Ishikawa, Matsuyama ni wa Ehime, katika mji unaoitwa Matsuyama vilevile, jambo linaloongeza mkanganyiko.

Matsui wengi wanadhani alipata umaarufu kwa kupiga tu. Alizidi kujulikana nchi nzima kwa kunyimwa nafasi ya kupiga. Tarehe 16 Agosti 1992, kwenye mashindano ya shule za sekondari uwanjani Koshien, kila alipoingia kupiga mrushaji wa timu pinzani aliutupa mpira mbali naye makusudi, mara tano kati ya tano, naye akatembea kimya hadi kituo cha kwanza. Shule yake ilifungwa 3 kwa 2. Mashabiki walirusha takataka uwanjani, na mjadala ukafika kwenye magazeti ya kitaifa. Miaka 17 baadaye, kwenye mechi ya mwisho ya fainali za Marekani za 2009, akiichezea Yankees, wapinzani walimwacha apige: aliingiza mikimbio sita peke yake na akatajwa mchezaji bora wa fainali, Mjapani wa kwanza kupata heshima hiyo.

Matsuyama alishinda mashindano ya gofu ya Masters kule Augusta, Marekani, mwezi Aprili 2021, kwa pigo moja tu. Mbebaji wa mikoba yake alirudisha bendera kwenye shimo la 18, akageuka, akavua kofia na kuuinamia uwanja. Vichwa vya habari vikaandika "Mjapani wa kwanza kushinda taji kubwa la gofu". Mwanamume wa kwanza, ndiyo. Hisako Higuchi alishinda taji kubwa la wanawake mwaka 1977, na Hinako Shibuno akashinda lake 2019.

"Tuzo ya Afrika ya Hideki Noguchi"

Ni Hideyo, si Hideki. Hideyo Noguchi alikuwa mtafiti wa magonjwa aliyefia Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano aliyokwenda kuichunguza. Jina lenyewe alijichagulia ukubwani: alizaliwa Seisaku, akalibadili baada ya kukuta riwaya yenye mhusika mpotovu anayeitwa karibu sawa na yeye. Serikali ya Japani ilipoanza kutoa tuzo hiyo mwaka 2008, mmoja wa washindi wawili wa kwanza alikuwa Mkenya, Profesa Miriam Were, kwa kazi yake ya kupeleka huduma za afya mikononi mwa jamii zenyewe.