Maji ya visima vya mafuta "kupatana" maana yake nini

Watu wengi wakisikia kisima cha mafuta wanaona picha ya mafuta meusi yanaruka juu, basi. Kumbe kinachotoka kwa wingi pale ni maji. Kule Permian, Marekani, eneo la mafuta la Texas magharibi linaloingia mpaka New Mexico, kwa kila pipa moja la mafuta hutoka mapipa matatu manne ya maji na kuna upande yanazidi hapo, na pipa la mafuta ni kama lita 159 hivyo piga hesabu mwenyewe. Maji yenyewe yamekaa kwenye mwamba mamilioni ya miaka, yana chumvi ya kutisha. Bahari ina kama gramu 35 kwa lita, haya ya Permian kuvuka gramu 100 ni kawaida tu. Juu ya chumvi weka matone ya mafuta, mchanga, chuma iliyoyeyuka, gesi inayonuka yai viza, na vijidudu.

Sasa wanaohangaika na maji hayo wana swali lao moja hawaachi kuliuliza, haya yanapatana na yale? Mara ya kwanza unaweza ukacheka, maji na maji yagombanie nini. Lakini we mwenyewe ushayaona nyumbani. Chukua maji ya kisima cha chumvi, yale ya mitaa ambayo bomba halijafika, tia sabuni. Povu hakuna, unapata utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Sabuni ni nzima, maji kwa macho ni maangavu kabisa, ila vikikutana kinazaliwa kitu cha tatu ambacho hakikuwepo upande wowote. Huko ndo kutopatana.

Kwenye mafuta mfano wenye sifa mbaya kuliko yote ni bariamu, aina ya metali, na salfeti, aina ya chumvi yenye salfa. Kisima hiki maji yake yana bariamu imeyeyuka, kile kina salfeti, kila moja peke yake limetulia halina shida na mtu. Yaweke tenki moja, hapo hapo linatoka vumbi jeupe linaitwa baraiti. Kitu hicho hicho, bariamu salfeti, ndo ile dawa nyeupe nzito mgonjwa anayonyweshwa hospitali kabla ya eksirei ya tumbo, na anainywa salama kwa kuwa haiyeyuki, inapita kama ilivyoingia. Sasa sifa hiyo ya hospitali ndo balaa la bomba. Ukoko wa chokaa kwenye birika unautoa kwa ndimu au siki, wa kwenye bomba la mafuta nao wanauyeyusha kwa asidi, lakini baraiti ukiimwagia asidi inakuangalia tu. Mara nyingi inabaki kukwangua, au kubadilisha bomba. Halafu bariamu ikiganda inaondoka na radiamu, metali yenye mionzi, maana hizo mbili kikemia ni kama ndugu, kwa hiyo ukoko unakuwa na mionzi na hauwezi kuutupa jalalani kama takataka nyingine.

Somo hilo walilisoma kwa gharama kwenye Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norway. Walikuwa wanasukuma maji ya bahari chini ili yafukuze mafuta kuja kwenye visima, na maji ya bahari yana salfeti kama miligramu 2,700 kwa kila lita, huku mwamba wa chini una maji yenye bariamu. Vikakutana humo humo ndani, mabomba yakaanza kuziba. Njia mojawapo waliyoishia nayo, tangu miaka ya 1980 mwishoni, ni kuyapitisha maji ya bahari kwenye chujio linalozuia salfeti kabla hayajashuka. Chumvi ya kawaida ile ya mezani wanaiacha inapita. Hapo ndo pa kushika: kusafisha maji ya mafuta ili yachanganyike si kuyafanya ya kunywa, wala si kuyatoa chumvi. Unatoa kile tu kitakacholeta ugomvi huko yanakokwenda, mengine unaachana nayo. Mtu akikwambia maji haya yamesafishwa, muulize yamesafishwa ya nini.

Ugomvi wa pili ni wa chuma. Maji yakiwa bado chini hayana hewa, na chuma humo imeyeyuka huioni. Yakipanda juu yakapata oksijeni yanageuka rangi ya kutu. Ila yakichanganywa na maji ya kisima kingine chenye ile gesi ya yai viza, haidrojeni salfaidi, yanageuka meusi tii kama maji ya mkaa, na punje hizo nyeusi ni ndogo mno halafu zinajishika kwenye matone ya mafuta, matone yanagoma kupanda juu, mnabaki na uji mweusi unaoziba kila chujio. (Hiyo gesi si ya mchezo. Harufu yake unaisikia ikiwa kidogo, ikizidi inaua pua kwanza ndo inakuua wewe, kwa hiyo mtu anayesema "harufu imeisha" huenda ndo yuko kwenye hatari yenyewe.)

Na gesi hiyo mara nyingi inatengenezwa na baktiria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni. Hapa kuchanganya kunaleta kitu cha ajabu kidogo. Maji ya kwanza yana salfeti lakini hayana chakula, ya pili yana chakula kingi, mabaki ya mafuta na asidi ndogondogo, lakini hayana salfeti, ukiyaunganisha umewapikia wali na ukawawekea mchuzi.

Basi wanafanyaje. Hatua ya kwanza haina ufundi mkubwa, ni tenki refu na subira, mafuta yanapanda, mchanga unazama. Kinachobaki ni vile vitu vidogo visivyotaka kuzama, na dawa yake bibi zetu walikuwa nayo, shabu kwenye mtungi au mbegu za mlonge zilizotwangwa, unakoroga, tope linashikana mabonge linatua. Mitambo inafanya hivyo hivyo kwa chumvi za aluminiamu au za chuma, wengine wanapitisha umeme kwenye mabamba ya chuma ili bamba lenyewe litoe hiyo dawa. Ila kabla ya hapo wanaunguza kwanza chuma na gesi kwa kitu kikali, klorini daioksaidi au haidrojeni peroksaidi au hewa tu ya kutosha, ile chuma iliyojificha inageuka kutu inaonekana na kukamatwa, gesi inakwisha, baktiria wanakufa. Kisha wanachuja, wanapeleka kwenye bwawa lililotandikwa plastiki, na bwawani wanaendelea kupuliza hewa maana maji yakikaa bila hewa wale baktiria wanarudi kama hawakufukuzwa. Bariamu ikiwa nyingi wanatia salfeti makusudi ili baraiti itoke pale kwenye tenki mbele ya macho yao, sio kilomita mbili chini ya ardhi.

Na hakuna anayeamini hesabu peke yake. Kompyuta zipo zinazokadiria nini kitaganda, lakini mwisho wa siku wanachukua chupa, wanaweka maji ya kwanza asilimia 10 na ya pili 90, chupa ya pili 30 kwa 70, nyingine nusu kwa nusu, mpaka wamalize, wanaziweka kwenye joto kama la chini, kesho yake wanaangalia ipi imechafuka. Uwiano mbaya kuliko wote si lazima uwe nusu kwa nusu. Unaweza kukuta chupa ya nusu kwa nusu iko shwari na ile ya 80 kwa 20 imejaa unga, na mtu aliyepima moja tu akaenda kufungua valvu ataijua baadaye.

Utauliza kwanini wasumbuke, si kila kisima kimwage maji yake kivyake. Zamani ndo ilikuwa hivyo, maboza yanabeba maji mpaka kwenye kisima cha kutupia, yanasukumwa chini kabisa. Shida ni kwamba ukisukuma maji mengi mno chini ardhi inaanza kutikisika. Pawnee kule Oklahoma, Septemba 2016, tetemeko la 5.8. Texas magharibi karibu na Mentone, Novemba 2022, la 5.4, na wasimamizi wa Texas wakabana visima vya kutupia sehemu kadhaa. Huku kupasua mwamba kwa maji yenye presha kubwa ili mafuta yatoke, kwa kisima kimoja kipya cha Permian, kunaweza kula lita milioni 40 na zaidi, na kule ni jangwa. Kwa hiyo maji ya huyu yanatumika kwa yule, yanapita bomba moja kutoka visima vingi na kampuni tofauti, na bomba likishakuwa moja hilo swali la kupatana huna pa kulikimbilia.

Kisa kinachonifurahisha mimi ni cha Pennsylvania. Kule kuna migodi ya makaa ya zamani iliyoachwa inavuja maji yenye asidi na salfeti nyingi, inaharibu mito, na pembeni yake kuna visima vya gesi ambavyo maji yake yamejaa bariamu na radiamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wakachapisha mwaka 2014 walichopata walipoyachanganya makusudi, salfeti ya mgodi ikaikamata bariamu ya kisima na sehemu kubwa ya radiamu ikazama nayo. Uchafu mmoja umefanya kazi ya dawa ya mwingine. Tope linalobaki lina mionzi, hilo bado linataka mahali pake.

Kwetu suala hili halipo mbali. Mradi wa Tilenga wa Uganda, pale Ziwa Albert, mpango wake ni kuvuta maji ya ziwa kusukumia mafuta, na maji yatakayotoka na mafuta yarudishwe chini. Mtu atasema maji ya ziwa si ndo mazuri hayana chumvi, lakini miamba mingi ya mafuta ina udongo wa mfinyanzi uliozoea chumvi, ukiupa maji matamu ghafla unaweza kuvimba ukaziba vijitundu ambamo mafuta yanapita, na ndo maana sehemu nyingine wanatia chumvi kidogo makusudi. Halafu maji ya ziwa yana oksijeni, na oksijeni ikiingia bombani inakula chuma, kwa hiyo maji ambayo sisi tunaoga na samaki wanaishi humo, kabla ya kushuka kisimani lazima kwanza yatolewe hewa.